Kikao cha jamaa kijijini na bulangeti ya vikwembe vya koko: kazi mbili, mifuko miwili



Mwaka jana jamaa yetu ilinipa kazi ya kutengeneza kikao cha jamaa yote kijijini, upande wa Walungu. Baba mdogo alisema: "Weye ndiye ulisoma, utaweza." Wakati ule ule mimi na dada zangu tulikuwa tumeanza kazi ingine: kushona bulangeti moja kwa vipande vya vikwembe ambavyo koko aliacha ndani ya sanduku lake. Kazi mbili, watu ni wale wale, na franga kidogo. Naandika namna tulivyofanya na pale tulipokosea, juu wengi kati yenu mtaombwa kazi kama hiyo siku moja.

Kwanza, mjue kwa nini tulikutana. Haikuwa kwa kula tu. Jirani alikuwa amesogeza mpaka hatua kama sita ndani ya shamba letu, na hakuna kijana aliyejua mpaka wa zamani ulipita wapi. Koko ndiye alijua, na koko hakuwa tena.

Shamba lile babu alilipata kwa kalinzi. Kwa wale wasiojua: katika Bushi, mtu alitoa ng'ombe kwa chifu au mwenye udongo, akapewa haki ya kulima na kuwaachia watoto wake. Mashahidi walikuwepo, karatasi hapana. Baadaye, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali, na haki za watu wa ardhi ya desturi ziliachiwa ordonansi ya Rais. Ndiyo maana jamaa nyingi zimeendelea kutegemea ushahidi wa mdomo. Mzee akikufa, karatasi yenu imezikwa naye.

Tarehe: fuata shamba, si kalenda ya mjini

Wengine walitaka Desemba, juu ya sikukuu. Nilikataa. Kwetu msimu A unapandwa mwezi wa 9 na kuvunwa mwezi wa 1. Msimu B unaanza mwezi wa 2 au wa 3 na kuvunwa mwezi wa 6 au wa 7. Desemba mvua inanyesha, njia ni matope, na nyumbani maharagi ya zamani yamekwisha kabla mapya hayajakomaa. Mwisho wa Julai ni kiangazi: mavuno yako ndani, watu wa kijiji wamepumzika kidogo, wanafunzi wako likizo. Lakini usivuke wiki ya kwanza ya Agosti, juu wazazi wanaanza kutafuta franga ya masomo. Ukiwaomba mchango wakati ule, watakukimbia.

Mifuko miwili

Kosa letu la kwanza: tulichanganya mchango wa chakula na wa kushona. Dada alinunua uzi na kitambaa cha chini kwa franga ya mchele, na maneno yakaanza. Tangu pale, daftari mbili na watunzaji wawili. Bulangeti ikikosa uzi, inangoja. Wageni wakikosa bugali, hawangoji.

Vikwembe: omba ruhusa mbele ya kushika mkasi

Sanduku lilikuwa na vikwembe kumi na moja. Shangazi mkubwa aliposikia tunataka kukata, alisimama: "Ile nguo haikatwake! Munataka kukata koko vipande-vipande?" Tulidhani ni desturi tu. Siku ya pili nilirudi peke yangu, nikakaa naye jikoni, na akasema kile kilichomuuma: mwaka ule baba yake alipokufa, wanaume walipima shamba na yeye hakuitwa. Sasa hata nguo za mama yake zinagawanywa bila yeye.

Wenzangu, hapo masomo yetu yanapaswa kusaidia. Kodi ya Familia ya 1987 inaweka watoto wote wa marehemu kwenye kundi la kwanza la warithi, wasichana na wavulana sawa. Nilimweleza shangazi, halafu nikawaeleza baba zangu. Hiyo ya pili ilikuwa nguvu zaidi.

Kwa vikwembe tulipatana hivi: viwili havikatwi, ni vya shangazi. Kwa vile tisa, kila kimoja tunakata sentimita 45 tu kwenye mwisho. Kikwembe kina urefu wa karibu mita 1,80, kwa hiyo kinachobaki bado kinatosha kumbeba mtoto mgongoni. Ile sehemu ya 45 inatoa vipande 21 vya sentimita 15 kwa 15. Tisa mara 21 ni 189. Sisi tulihitaji 180, na tisa vya akiba.

Fua kila kikwembe peke yake kwa maji baridi mbele ya kukata, juu pamba inaweza kujikunja na rangi nyekundu inaweza kuchafua zingine. Piga pasi. Ukishona kwa pindo la nusu sentimita tu, nyuzi zitatoka. Acha sentimita moja kila upande, kipande kibaki 13. Mistari 15 ya vipande 12 inatoa bulangeti ya sentimita 156 kwa 195. Chini unaweka bulangeti ya zamani na shuka, kisha unapitisha uzi kwenye tabaka zote tatu zisiteleze.

Hatukushona pahali pamoja. Nyumba tano, Bukavu, Goma, Uvira, Kalemie na kijijini, kila moja ilipewa mistari mitatu na sharti moja: kuandika kwenye daftari kile mnachokumbuka juu ya kikwembe kile. Hapo ndipo kazi mbili zilikuwa moja. Mtu wa Uvira aliandika kwamba koko alivaa kile cha kijani siku ya kupanda miti ya mpaka, na akataja shahidi mmoja ambaye sisi wote tulidhani amekufa.

Siku yenyewe

Tembeeni kwenye mipaka asubuhi, mbele kasiksi haijafunguliwa. Mzee yule shahidi alikuja na fimbo yake. Jirani pia tulimwita, na chifu wa kijiji. Tulipata visiki viwili vya miti ile. Shangazi alitembea mbele, na jina lake liko kwenye karatasi tuliyotia sahihi. Jirani hakutia sahihi siku ile. Aliomba wiki mbili, na mpaka leo tunaongea naye. Karatasi ile si hati ya Serikali, lakini ni mwanzo wa kuiomba.

Watu wa Kalemie hawakufika, safari iliwashinda, na mistari yao mitatu iko kule. Bulangeti iko na mistari 12, sentimita 156 kila upande. Upande mmoja hatukuufunga. Shangazi ndiye anaitunza, na kila akipiga simu Kalemie anauliza kwanza mistari yake.

Likizo hii, mbele ya kupanga lolote, kaa na mzee mmoja wa kwenu na daftari. Anza na nguo aliyovaa. Mpaka utafuata.