Pikapu ya Familia: Mizigo Nyuma, Watoto Ndani

Askari anapoanza kufikiri juu ya kununua motokaa yake mwenyewe, aghalabu moyo wake huielekea pikapu. Jambo hili halishangazi. Ni gari tulilolizoea kazini; tumelipanda usiku na mchana, mvuani na vumbini, nasi twajua mlio wake na tabia zake kama tunavyoijua bunduki tuliyokabidhiwa. Zaidi ya hayo, pikapu ni mtumishi wa kweli wa nyumba. Jumatatu hubeba saruji ya nyumba tunayojenga kijijini, Ijumaa hubeba mikungu ya ndizi, na likizo inapofika hubeba hema, sufuria na magodoro ya jamaa wanaokwenda kutembea. Leo basi tumependa kuzungumza na wenzetu wa jeshi na wa polisi juu ya gari hili, si kama chombo cha doria, bali kama gari la baba wa watoto.

Yafaa ikumbukwe kwamba pikapu ilizaliwa shambani, haikuzaliwa kambini. Zamani mkulima wa Marekani alinunua motokaa, kisha akamtafuta seremala amgongomelee sanduku la nyuma. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ikaanza kuuza Model T yenye bodi ya mizigo iliyoundwa kiwandani, kwa bei ya dola 281. Toyota Hilux, ambayo karibu kila mmoja wetu amewahi kuipanda, ilitokea mwaka 1968. Sisi askari tuliidaka baadaye na kuigeuza yetu. Mwaka 1987 majeshi ya Chad yaliyapiga majeshi ya Libya huko Fada na Wadi Doum, na silaha mojawapo iliyowapa ushindi ilikuwa pikapu nyepesi zilizofungwa makombora ya kuvunjia vifaru, zikikimbia jangwani kasi kuliko mizinga ya adui ilivyoweza kugeuka. Vita ile imeitwa Vita vya Toyota mpaka leo.

Twazitaja habari hizi kwa sababu kosa letu lilizaliwa katika mazoea hayo hayo. Mtu aliyepanda nyuma ya pikapu miaka kumi, kiatu chake kikining'inia ukingoni, hufika mahali akadhani kwamba sehemu ile iliumbwa kwa ajili ya watu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2018 tulipata likizo, tukaamua kuipeleka familia kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, magharibi mwa Uganda. Gari letu ni la kabini mbili, lenye viti vya watu watano. Sisi tulikuwa wanane. Mbele tulikaa sisi na mama watoto. Kiti cha nyuma alikaa mama mkwe na binti zetu wawili. Walibaki wavulana watatu: mwanetu wa miaka tisa, na watoto wawili wa kaka yetu mkubwa, ambao kwa desturi nao ni wana wetu. Tukawapandisha nyuma juu ya godoro, katikati ya majerikeni ya maji na mfuko wa mkaa. Tuliwapanga kama sekisheni iendayo doria, tukawaonyesha pa kushika, tena tukawaamuru wasisimame.

Mama watoto alisimama kando ya gari akawatazama. "Baba watoto," alisema, "hawa si askari wako." Tulicheka. Tulimjibu kwamba sisi wenyewe tumesafiri hivyo katika njia mbaya kuliko hii, wala hatukuanguka.

Safari ilikuwa njema mpaka tulipoikaribia Lyantonde. Hapo ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu, walitokea kichakani wakakata barabara. Mwendo wetu haukuzidi kilometa 60 kwa saa. Tulikanyaga breki, gari likatii, na hakuna ng'ombe aliyeguswa. Tulisikia kishindo nyuma ya vichwa vyetu. Mwanetu alikuwa ameukosa mkono wake wa kushika, akarushwa mbele, uso wake ukapiga kioo cha kabini. Meno mawili yalitoka na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Jerikeni la lita 20 lilikuwa limeteleza likasimama upana wa kiganja kutoka kichwani mwa mdogo wake. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20; kila mmoja wetu aliyewahi kupanda kilima na mzigo wa namna hiyo mgongoni ajua lingefanya nini. Hatukuliona ziwa mwaka ule. Usiku tulikuwa hospitalini, na mama watoto hakutukumbusha maneno yake ya asubuhi. Ilikuwa afadhali angetukumbusha.

Tangu siku ile tumepiga hesabu ambayo ingetupasa kuipiga kabla. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, yaani kabla ya mguu wa dereva kuifikia breki sawasawa, gari limekwisha pita zaidi ya urefu wa basi kubwa la abiria. Na likigonga kitu likasimama ghafla, aliyekaa nyuma bila mkanda hasimami nalo. Yeye huendelea kwa mwendo ule ule mpaka akutane na kitu cha kumsimamisha. Kipigo chake ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 14. Kwa mwendo wa kilometa 80, kimo hicho ni mita 25. Hakuna mzazi awezaye kumketisha mtoto ukingoni mwa paa la jengo la ghorofa saba kisha akamwambia ashike vizuri.

Wengine hutuambia: mbona askari hupanda hivyo kila siku? Naam, hupanda. Lakini askari ni mtu mzima, amefunzwa, yu macho, na ameapa kuyakabili mambo ya hatari ambayo raia hakuapa. Tena tuseme kweli, hata askari hufa hivyo, nasi tumebeba majeneza yao.

Rafiki mmoja alitushauri tufunike bodi kwa turubai, watoto wakae ndani kama chumbani. Shauri hili ni baya kuliko lile la kwanza. Gari liendapo huvuta hewa nyuma yake, na moshi wa ekzosi huweza kuingia chini ya turubai. Ndani ya moshi ule imo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtoto huona usingizi, akalala. Baba mbele hufurahi kwamba kelele zimekoma.

Juu ya mizigo yenyewe hatutasema mengi, kwa kuwa kila dereva wa jeshi amefundishwa. Kilicho kizito kikae chini, karibu na kabini, mbele ya ekseli ya nyuma, chepesi kifuate, na vyote vifungwe kamba, hata sufuria. Upepo wa tairi za nyuma ufuate kipimo cha gari lenye mzigo, ambacho aghalabu kimeandikwa kwenye kibandiko pembeni mwa mlango wa dereva. Wasichokijua wengi ni kwamba pikapu tupu nayo ni hatari. Springi zake zimetengenezwa kwa mzigo. Zikikosa mzigo, sehemu ya nyuma hurukaruka kwenye barabara ya changarawe kama mbuzi, na tairi isiyoshika ardhi haina breki. Kuendesha magurudumu yote manne husaidia kutoka matopeni. Hakusaidii kusimama.

Jambo gumu hasa si fundi wala tairi. Ni jamaa. Mwafrika mwenye gari hana desturi ya kuhesabu viti; mahali penye nafasi ya mfuko pana nafasi ya mtu. Mwaka 2019 tulipotangaza kwamba gari letu huchukua watu watano na si zaidi, kaka yetu mkubwa alinuna. Alisema tumepata cheo tukawasahau wanawe, ilhali nyuma ya gari pako wazi. Tulimweleza habari ya mita 14. Alisikiliza, akasema yeye alikulia juu ya malori ya pamba na yu hai. Likizo ya Agosti tulikwenda watu watano wa nyumbani. Desemba tuliwachukua wanawe wawili pamoja na mwanetu, na mama watoto akabaki na binti zake. Gharama ya petroli imekuwa maradufu, na kaka yetu hajatusamehe sawasawa hadi leo.

Lakini safari ile ya Agosti, wasomaji, ilikuwa na utamu wake. Tulisimama Kayabwe, mahali barabara ikatapo mstari wa Ikweta, watoto wakaruka toka nusu moja ya dunia hadi nyingine mpaka wakachoka. Ziwa Mburo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983. Si kubwa, na hiyo ndiyo sifa yake kwa mwenye watoto, kwani hamna mwendo wa saa nzima bila kuona mnyama. Wamo punda milia, pofu, nyati, na swala pala, yule ambaye jina la Kampala lahusishwa naye. Mwaka 2015 waliletwa twiga 15 kutoka Murchison Falls. Mwanetu ndiye aliyewaona wa kwanza, kwa kuwa safari hii alikuwa amekaa dirishani, mkanda kifuani, badala ya kuangalia vumbi la nyuma.

Tulipiga kambi Rwonyo, ufukoni mwa ziwa. Ajuaye kambi ya jeshi asidhani ajua kambi hii. Usiku viboko hutoka majini kula majani, nao wana njia zao. Hema haliwekwi juu ya njia ya kiboko, na mtoto hatoki peke yake gizani kwa haja yoyote. Chakula chote tulikifungia kabini, kwa sababu ngiri na tumbili wa pale hawana heshima kwa cheo cha mtu. Alfajiri furukombe alilia juu ya mti, na binti yetu mdogo akauliza nani amepiga filimbi ya gwaride.

Siku ya kurudi, karibu na njia panda ya barabara kuu, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi alitupungia. Jua lilikuwa kali. Chakula kilikuwa kimekwisha, maji yamekwisha, na bodi ya nyuma ilikuwa tupu isipokuwa hema na magodoro. Tulisimama, tukamweleza kwamba ndani viti vimejaa na nyuma hatupakii watu. Tulimpa nauli ya basi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama bodi ile tupu, akatutazama na sisi, wala hakusema neno.