Tamaa ya moyoni: dhambi inaanzia wapi?

Mwaka 1976 Jimmy Carter, mwalimu wa Shule ya Jumapili wa Kanisa la Kibaptisti aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, aliliambia jarida la Playboy kwamba amewahi kuwatazama wanawake wengi kwa tamaa na kuzini nao moyoni mara nyingi. Magazeti yalimcheka, walokole wenzake wakashtuka. Novemba mwaka huohuo alishinda uchaguzi. Lakini Carter hakusema jambo geni. Alikuwa akijipima kwa Mathayo 5:28, aya inayowasumbua vijana wetu wa kwaya, na wa vyama vya wanafunzi Wakristo, UKWATA na TYCS, ambao swali hili huliuliza semina ikishakwisha na watu wamebaki wachache: likinijia wazo chafu, nimekwisha kutenda dhambi?

Jibu langu ni hapana. Ila halikomei hapo.

Katika Hotuba ya Mlimani, ambamo aya hiyo imo, Yesu hakumlaumu mtu kwa kuona. Alimsema yule anayemtazama mwanamke ili amtamani, aliyelituma jicho lake kazi. Ukitaka kuona tofauti hiyo ikitembea, soma 2 Samweli 11. Jioni Daudi anaamka kitandani, anatembea juu ya paa la nyumba yake, anamwona mwanamke akioga. Mpaka hapo hana kosa. Kisha anatuma mtu akaulize habari zake, na jibu linakuja bila kuficha kitu: huyo ni Bathsheba, mke wa Uria Mhiti. Mke wa mtu, tena mke wa askari wake mwenyewe aliye vitani. Jibu hilo lilitosha kumaliza habari. Daudi akatuma watu tena, safari hii wakamlete. Kati ya kuona na kuzini kuna mjumbe aliyekwenda na kurudi, na muda wote huo mfalme alikuwa na wazo lake, analigeuza huku na huku. Mwisho wake Uria alibeba mwenyewe barua ya kifo chake hadi kwa Yoabu, jemadari wa Daudi.

Mwishoni mwa karne ya 4, Mtakatifu Augustino alipoieleza Hotuba ya Mlimani, alizitaja hatua tatu: kishawishi kinakuja, moyo unakifurahia, kisha utashi unakikubali. Dhambi hukamilika pale pa kukubali, hata kama mkono haujagusa kitu. Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliwafundisha wenzake vivyo hivyo: mawazo kutujia hakumo katika uwezo wetu, kuyakaribisha yakae kumo.

Ni kweli Wakristo hawakubaliani katika yote. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1546, ulisema kwamba mwelekeo wa tamaa unaobaki kwa mtu aliyebatizwa unatoka katika dhambi na unamvuta kwenye dhambi, lakini wenyewe si dhambi. Luther na Calvin walifundisha tofauti. Kwao hata mwelekeo huo ni dhambi mbele za Mungu, na Waanglikana wakaandika katika Kanuni zao 39, ile ya 9, kwamba una asili ya dhambi. Tofauti hiyo ni nzito. Hata hivyo, padri na mchungaji wakiketi na kijana anayelia, wote wawili watamuuliza jambo lilelile: lilipokujia, ulifanya nini?

Ndiyo maana siwezi kumfariji kirahisi mtu anayefungua picha za ngono kwenye simu saa saba usiku. Huyo hakujiwa na wazo tu. Ametafuta, amebonyeza, amerudia, na kesho yake amefuta historia ili mwenzake asione. Hiyo ni ridhaa, tena yenye mipango. Wala ndoa haimpi mtu kibali cha kila aina ya mtazamo. Oktoba 1980 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mume anaweza kuzini moyoni hata na mke wake, akimtazama kama kitu cha kushibisha hamu yake tu. Magazeti yalishangaa. Mimi naona alikuwa ameielewa Injili barabara: anayetazamwa ni mtu, si chombo.

Na hapa nina uchungu na baadhi ya mahubiri yetu. Aya inayofuata ile ya Mathayo 5:28, yaani ya 29, inamwambia mwenye jicho aling'oe jicho lake. Haimwambii mwanamke neno lolote. Halafu Jumapili unasikia nusu saa nzima ya mahubiri juu ya sketi za mabinti wa kwaya, na dakika moja haipatikani ya kuwaonya wanaume wanaowakodolea macho. Mzigo ambao Yesu aliuweka begani mwa mtazamaji, sisi tumemtwika anayetazamwa. Binti wa miaka kumi na minne anatoka kanisani akiamini kwamba mwili wake ndio kosa.

Wachungaji, makatekista, wazazi, vijana hawa wanahitaji mafundisho mawili kwa pamoja. Yule aliyejiwa na wazo akalifukuza aambiwe wazi kwamba ameshinda jaribu, aende akalale kwa amani. Yule anayelilea akaungame, na simu aiache sebuleni. Na mabinti waacheni waimbe.