Raspberry Pi Bila Kibao: Linux Inavyoiga Kompyuta Usiyokuwa Nayo

Vijana wanaoanza kujifunza kompyuta huuliza sana swali hili: asiye na Raspberry Pi, ila ana laptopu yenye Linux, anaweza kujifunza kibao hicho? Anaweza, tena kwa sehemu kubwa bila kutoa hata senti. Lakini kwanza aelewe kinachotendeka ndani. Wengi hukwama kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba kuiga kompyuta ya aina nyingine ni kazi tofauti kabisa na kuendesha mashine pepe ya kawaida.

Raspberry Pi ni kompyuta kamili iliyopangwa juu ya kibao chenye ukubwa wa kadi ya benki. Taasisi ya Raspberry Pi Foundation ya Cambridge, Uingereza, iliizindua tarehe 29 Februari 2012. Model B ya wakati huo iliuzwa dola 35, ikiwa na prosesa ya megahezi 700 na memori ya megabaiti 256. Mfano wetu hapa ni Pi 3 Model B ya mwaka 2016, yenye viini vinne vya gigahezi 1.2 na memori ya gigabaiti 1.

Mgeni na mkalimani

Prosesa ya Pi husema lugha ya ARM. Laptopu nyingi zina prosesa za Intel au AMD, ambazo husema x86. Ukiendesha Ubuntu ndani ya Fedora kwenye laptopu ya namna hiyo, mgeni na mwenyeji wanasema lugha moja. KVM, sehemu ya kerneli ya Linux inayosimamia mashine pepe, humwacha mgeni atumie prosesa moja kwa moja, na kasi hupungua kidogo tu. Mgeni wa ARM akibisha hodi, mlango huo haumfai, kwa kuwa prosesa haielewi hata neno lake moja. Anahitaji mkalimani.

Mkalimani huyo ni QEMU, programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. QEMU huchukua fungu la maagizo ya ARM, hulitafsiri kuwa maagizo ya x86, kisha huiweka tafsiri akibani. Programu ikirudi kwenye fungu lile lile, hutumia tafsiri iliyo tayari. Hii ni sababu moja inayofanya mfumo uwake kwa kujikokota: wakati wa kuwaka, maagizo mengi ni mapya na kila moja linasubiri mkalimani. Ukishatulia huenda vizuri zaidi, ingawa hauifikii kasi ya KVM.

Lugha peke yake haitoshi. Kerneli ya Pi inatarajia kukuta kila kifaa mahali pake. Kwenye Pi 3, vifaa huanzia anwani ya memori 0x3F000000, na mlango mmoja wa siriali uko 0x3F201000. Kerneli ikiandika herufi kwenye anwani hiyo, QEMU huinasa na kuionyesha kwenye terminali yako, nayo kerneli haijui kwamba hakuna waya wowote. Kila kifaa kinachoigwa ni kipande cha programu kinachojibu kama kifaa chenyewe kingejibu. Ambacho hakijaandikiwa kipande, kwa mfumo ulio ndani hakipo.

Nani huamka kwanza?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kwenye Pi 3 halisi, chipu ya michoro, VideoCore, huamka kabla ya prosesa ya ARM. Ndiyo husoma kadi ya memori, hupakia kerneli, kisha huiamsha ARM. QEMU haiigi hatua hiyo. Ukiipa faili la mfumo peke yake, hakuna kitakachowaka. Kerneli ni lazima uikabidhi wewe mwenyewe.

Pakua Raspberry Pi OS Lite ya biti 64 na uifungue. Faili utakalopata ni nakala kamili ya kile ambacho kingeandikwa kwenye kadi: sehemu ndogo ya kuwashia na sehemu kubwa ya mfumo wenyewe. QEMU hukataa kadi ambayo ukubwa wake si kipeo cha mbili, kwa hiyo litanue kwa amri ya qemu-img resize lifike gigabaiti 4, 8 au 16. Kisha lifungue kwa losetup -P, unganisha sehemu ya kwanza, na unakili mafaili mawili: kernel8.img, ambayo ni kerneli, na bcm2710-rpi-3-b.dtb, ambayo ni ramani ya vifaa vya kibao.

Ukiwa humo, weka faili tupu liitwalo ssh ili uweze kuingia kwa mbali. Tangu Aprili 2022 mfumo huu hauji tena na mtumiaji wa kudumu aitwaye pi, kwa hiyo ongeza faili userconf.txt lenye jina lako na nenosiri lililofumbwa kwa openssl passwd -6.

Sasa washa qemu-system-aarch64 kwa -M raspi3b, ukiielekeza kwenye kerneli, ramani na kadi, na ukiiambia kerneli kwamba mfumo uko /dev/mmcblk0p2. Memori iwe gigabaiti 1 kamili, kama kibao chenyewe. Kwa mtandao ongeza kifaa cha usb-net, na uelekeze mlango kama 5555 wa laptopu kwenye mlango 22 wa mgeni.

Mipaka ya mwigo

Ndani ya mwigo utasakinisha programu, utaandika Python, utaweka seva ya tovuti na utajifunza usalama wa mfumo. Faida kubwa iko kwenye nakala: nakili faili la diski kabla ya jaribio, na likiharibika rudisha la zamani kwa dakika chache. Kadi halisi ikikatikiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuondoka na kazi yako yote.

Lakini hakuna kamera, hakuna Wi-Fi, hakuna Bluetooth, wala michoro ya 3D ya VideoCore. Kidhibiti cha pini kipo, ila hakuna taa ya kuwasha wala kihisi cha kusoma joto la chumba. Pi 4 iliongezwa kwenye QEMU 9.0 ya Aprili 2024, nayo ilikuja bila mlango wake wa mtandao wa waya. Usipime kasi ya programu humo ukadhani ndiyo kasi ya kibao.

Kwa hiyo, mwalimu mwenye darasa la laptopu na hana vibao, asisubiri. Aanze na mfumo, amri na programu kwenye mwigo, kwa kuwa maarifa hayo yatahamia kwenye kibao bila kubadilika. Siku ya kuunganisha waya na vihisi ikifika, anunue hata kibao kimoja cha darasa zima, kwa sababu somo hilo halifundishiki pasipo chombo chenyewe.