Je, Ukali Uko Damuni?



Kwenye foleni ya maji utasikia mtu akisema: "Yule mwache, damu yake ni kali, hata baba yake alikuwa hivyo." Wengine husema hivyo juu ya ukoo mzima, au kabila zima. Na mume aliyempiga mkewe usiku hufika naye kituo cha afya asubuhi akijitetea kwamba si yeye, ni hasira zilimpanda. Maneno hayo ni mazito, kwani yakiwa kweli basi hakuna la kufanya. Hebu tuangalie yale ambayo wataalamu wa mwili na wa wanyama wameyaona, kisha upime mwenyewe.

MWILI UNAPOKASIRIKA

Tuanze na jambo unalolijua. Mbwa amekurukia njiani. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, mdomo unakauka. Ubongo umetuma habari kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, nazo zimemwaga adrenalini katika damu. Ini linatoa sukari, damu inakimbilia misuli, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Mbuzi, paka na binadamu wote tumeumbwa hivyo, na bila hivyo tusingeishi muda mrefu.

Kengele ya hatari iko ndani kabisa ya ubongo, sehemu ndogo iitwayo amigdala. Breki iko mbele, nyuma ya paji la uso. Kengele hulia haraka sana. Breki huja nyuma yake na kuuliza: Je, ni hatari kweli? Nikimpiga itakuwaje? Sehemu hiyo ya mbele huchelewa kukomaa, mpaka mtu avuke miaka ishirini, ndiyo maana kijana wa miaka 16 huwaka upesi kuliko mzee. Pombe huilegeza. Kukosa usingizi pia huidhoofisha.

Na wewe uliyekimbia risasi, huenda kengele yako haijanyamaza hadi leo. Bati likigongwa unaruka, mtoto akilia unafoka. Hilo halina maana kwamba una roho mbaya. Ni jeraha, na lina matibabu. Muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako juu ya ushauri nasaha.

HOMONI YA KIUME

Mfugaji anajua kwamba fahali akihasiwa hutulia. Kinachopungua ni homoni iitwayo testosteroni, ambayo wanawake pia wanayo, ila kidogo. Hapo wengi hukimbilia kusema: basi mwanamume ni mkali kwa maumbile, amekwisha. Lakini kwa binadamu kiasi cha homoni hiyo hakitabiri vizuri nani atapiga watu. Tena mambo huenda hata kinyume: mtu akiingia katika mashindano, kiasi chake kinaweza kupanda kwa sababu ya mashindano yenyewe.

Mfikirie yule mume wa hapo juu. Mchana wa siku ile ile huenda alitukanwa na askari mbele ya watu, akanyamaza. Homoni zilikuwa zile zile, na adrenalini ilipanda vile vile. Breki ilifanya kazi mbele ya askari, nyumbani aliiachia.

SOKWE WA GOMBE NA BONOBO WA KONGO

Hatuingilii imani ya mtu, lakini kwa maumbile ya mwili sokwe na bonobo ndio wanyama wanaofanana nasi zaidi. Gombe iko kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wa huko mwaka 1960, na kwa miaka mingi aliwaona kuwa wanyama wapole kiasi. Kisha kundi moja likagawanyika. Waliobaki kaskazini waliitwa Kasakela, waliohamia kusini wakaitwa Kahama. Hao walikuwa wamekula pamoja na kuchambuana manyoya kama ndugu. Kuanzia mwaka 1974 madume wa Kasakela walianza kwenda kimya kimya hadi mpakani, wakimkuta mmoja wa Kahama yuko peke yake wanamshambulia wote. Kufikia mwaka 1978 madume wote wa Kahama walikuwa wamekwisha. Washindi hawakufaidi sana: kundi jingine la kusini liliwasukuma warudi.

Baadhi ya watu walidhani ukali huo uliletwa na ndizi ambazo watafiti waliwapa sokwe. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha jamii 18 za sokwe Afrika, wakaona kwamba mauaji hayakufuata kuingiliwa na binadamu. Yalifuata wingi wa madume na wingi wa sokwe mahali pamoja, na sokwe hushambulia hasa wanapokuwa wengi dhidi ya mmoja. Kwa hiyo hata mnyama hupiga hesabu. Akiona hataumia, huthubutu.

Sasa vuka Mto Kongo uende kusini yake. Huko wanaishi bonobo, ambao hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote ila Kongo. Kwa mwili ni kama ndugu wa sokwe. Lakini kwao majike hushikamana, na dume akimsumbua mmoja wao huungana kumfukuza. Makundi mawili yakikutana hupiga kelele, halafu mara nyingi hula pamoja. Usidhani ni malaika: utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba madume wa bonobo hugombana wao kwa wao mara nyingi kuliko sokwe. Ila vita kama vile vya Gombe, vya kundi kuwamaliza jirani zao, havijaonekana kwao.

NYANI WALIOBADILIKA

Kisa kinachofaa zaidi kwetu kinatoka Masai Mara, Kenya. Robert Sapolsky alikuwa akichunguza kundi la nyani. Jirani yao palikuwa na jalala la hoteli ya watalii, na madume wakali zaidi wa kundi lile walikwenda huko kila asubuhi kugombania mabaki na nyani wengine. Katika miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe ilitupwa jalalani. (Ugonjwa huo huambukiza binadamu pia kwa maziwa mabichi, chemsha maziwa daima.) Wote waliokwenda jalalani walikufa, karibu nusu ya madume wa kundi. Walibaki majike, watoto na madume wapole.

Kundi likatulia. Wakubwa walipunguza kuwaonea wadogo, na kuchambuana manyoya kukaongezeka. Hilo si la ajabu. La ajabu lilifuata. Dume la nyani likipevuka huondoka kwao na kuhamia kundi jingine, hivyo kufikia mwaka 1993 hakubaki hata dume mmoja kati ya wale wapole wa kwanza. Wote walikuwa wageni, waliokulia katika makundi ya fujo kama kawaida. Hata hivyo utulivu ulidumu, kwa sababu wageni walipofika walipokewa kwa upole, na majike hawakuwa na woga nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Damu ya wageni ilikuwa ya nyani yeyote. Kilichowabadilisha ni jinsi walivyopokewa.

UKALI AMBAO NI UGONJWA

Jambo moja tusilichanganye na hayo. Mtu mpole akibadilika ghafla, kwa saa au siku chache, akapiga watu au kusema ovyo, huenda ni mgonjwa. Malaria ikipanda kichwani hufanya hivyo. Vivyo hivyo sukari kushuka kwa mwenye kisukari, saa chache baada ya kifafa, au siku za kwanza baada ya kujifungua. Kichaa cha mbwa ni virusi vinavyoshambulia ubongo, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo ukiumwa na mbwa usingoje dalili: osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda kuchanjwa siku hiyo hiyo.

Mgonjwa wa namna hii asipigwe, asifungwe kamba, wala asipelekwe kwanza kuombewa huku homa inapanda. Ondoa watoto, panga na jembe karibu naye. Aongee naye mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini. Mwingine aende kituoni akaseme: ilianza lini, ana homa au hana, aliumwa na mnyama au la, amekunywa nini, anatumia dawa gani. Ikiwa ni usiku, mwende usiku huo huo.