Kilainishi cha plastiki na mbegu za mwanamume

Huku Mtawanya mkoani Pwani, Tanzania, kama kwingine wilayani Kibiti na Delta ya Rufiji, ndoa ikikawia kupata mtoto, anayepelekwa kwa waganga ni mke. Ni dhuluma. Katika takriban nusu ya ndoa za namna hiyo mume naye ana tatizo, iwe peke yake au pamoja na mkewe.

Miongoni mwa vinavyoshukiwa leo ni fathaleti, kemikali zinazolainisha plastiki ya PVC. PVC tupu ni ngumu, ndiyo bomba la maji. Ikitiwa fathaleti hukunjika, ikawa kapeti ya plastiki, koti la mvua au mpira wa kumwagilia. Lakini kemikali hizi hazijafungamana na plastiki yenyewe. Hutoka kidogo kidogo, na joto au mafuta huzitoa upesi zaidi. Tui la nazi la moto lina vyote viwili. Za kapeti huingia kwenye vumbi, na anayetambaa humo ni mtoto.

Mwilini fathaleti huvuruga chembe za korodani zinazotengeneza testosteroni. Panya wenye mimba wakipewa kwa wingi, madume huzaliwa na korodani zisizoshuka, na ukubwani mbegu zao ni chache. Kwa binadamu, mwaka 2005 Shanna Swan na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba baadhi ya fathaleti zikiwa nyingi katika mkojo wa mjamzito, mwanawe wa kiume huwa na nafasi fupi kati ya tundu la haja kubwa na sehemu za siri, dalili kwamba homoni ya kiume ilipungua tumboni. Kipindi cha hatari ni miezi mitatu ya kwanza, ambapo akina mama wengi hawajafika hata kliniki. Hili ndilo linaloniumiza zaidi.

Kwa mwanamume mzima ushahidi haujakamilika, na nisingependa plastiki ibebeshwe kila lawama huku pwani, penye busha na kichocho vinavyoweza kudhuru korodani. Wala dumu gumu na chupa ya maji havihitaji kilainishi. 

Chakula cha moto kiwekwe kwenye sufuria, bati au udongo. Mtoto alazwe kwenye mkeka wa ukindu. Mume apime manii mapema. Majibu yakiwa mabaya, arudie baada ya miezi mitatu: fathaleti nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili, na mbegu mpya huchukua takriban siku 74 kukomaa.