Kuishi na familia mwenyeji Ujerumani: jembe la mgeni lina kipimo chake

METHALI ya Kiswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kijana wa Kitanzania anayekwenda kuishi na familia mwenyeji nchini Ujerumani, jembe hilo hukabidhiwa mapema. Jambo linalostahili kufahamika kabla ya kukata tiketi ya ndege ni ukubwa wake: kijana atasaidia kazi kwa saa ngapi, atapewa nini, na afanye nini iwapo makubaliano yatakiukwa.

Utaratibu huo hujulikana kwa jina la "au pair", maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kwa usawa". Msingi wake ni kwamba kijana si mtumishi wa ndani wala si mpangaji. Huishi kama mmoja wa wanafamilia, husaidia kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za nyumbani, na wakati huo huo hujifunza lugha na utamaduni. Fikra hiyo iliwekwa katika mkataba wa Baraza la Ulaya uliofunguliwa kwa saini mjini Strasbourg Novemba 24, 1969, na Ujerumani inayo masharti yake yenyewe.

Nani anaruhusiwa

Mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 18 na, wakati wa kuomba viza, awe hajafikisha miaka 27. Anatakiwa pia kufahamu Kijerumani kwa ngazi ya awali, yaani A1. Kwa sababu hiyo, safari ya wengi huanzia darasani. Taasisi ya Goethe jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa mahali lugha hiyo inapofundishwa.

Muda wa kukaa ni kuanzia miezi 6 hadi mwaka 1, na nafasi hiyo hutolewa mara moja tu. Kijana aliyerejea nyumbani baada ya miezi 7 hawezi kuomba tena ili amalizie miezi iliyobaki. Aidha, familia mwenyeji haipaswi kuwa ya ndugu wa mwombaji. Shangazi au mjomba anayeishi Ujerumani hawezi kumwita mpwa wake kwa njia hii.

Haki na wajibu

Kazi za kijana hazipaswi kuzidi saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki, na kuwaangalia watoto jioni wazazi wanapotoka kunahesabiwa humo. Mathalani, kijana anayewahudumia watoto kwa saa 1 asubuhi na saa 3 alasiri, siku 5 za wiki, ametumia saa 20. Akiwaangalia pia kwa jioni 2, saa 2 kila jioni, anafikisha 24. Saa 6 zilizobaki ndizo za kufua nguo za watoto, kufagia na kuandaa chakula chepesi. Kutunza wazee au wagonjwa si sehemu ya wajibu wake.

Kwa upande wake, familia humpa chakula na chumba chake mwenyewe ndani ya nyumba, chenye dirisha na ukubwa usiopungua mita za mraba 8. Humlipa posho ya yuro 280 kwa mwezi, huchangia yuro 70 kwa mwezi kwa ajili ya kozi ya lugha, na hugharimia bima ya afya, ya ajali na ya madhara kwa watu wengine. Kijana ana haki ya mapumziko ya siku 1 na nusu kila wiki, jioni 4 za uhuru, na likizo ya wiki 4 kwa anayekaa mwaka mzima. Nauli ya kwenda na kurudi kwa kawaida hujilipia mwenyewe.

Ikumbukwe kuwa posho si mshahara. Anayekwenda kwa matarajio ya kutuma fedha nyumbani kila mwezi, au aliyekopa ili kugharimia safari, atajikuta katika wakati mgumu. Wakala aliyeko Ujerumani haruhusiwi kumtoza kijana zaidi ya yuro 150 kwa kumtafutia familia. Anayedai mamilioni ya shilingi ni wa kutiliwa shaka.

Ukimya unapoeleweka vibaya

Ugumu mwingine hauandikwi katika mkataba. Kijana aliyezoea kuwaamkia wakubwa kwa "shikamoo" hukuta baba na mama wa nyumba wakitaka waitwe kwa majina yao. Chakula cha jioni katika nyumba nyingi ni mkate, jibini na soseji badala ya chakula cha moto. Jumapili maduka mengi hufungwa na majirani hutarajia utulivu. Hayo huzoeleka.

Lililo zito zaidi ni ukimya. Katika malezi ya Kitanzania, kunyamaza mbele ya mkubwa ni heshima. Katika nyumba nyingi za Kijerumani, anayenyamaza huchukuliwa kuwa ameridhika. Kijana aliyeongezewa saa akavumilia kwa adabu huongezewa tena, si lazima kwa ubaya, bali kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Dawa yake ni ratiba ya wiki iliyoandikwa, na mazungumzo ya mara kwa mara kati yake na wenyeji wake. Kusema "wiki hii nimefanya saa 34" si utovu wa adabu. Ni kutaja hesabu.

Mambo yakiharibika

Iwapo mazungumzo hayatazaa matunda, inawezekana kuhamia familia nyingine kwa muda uliobaki, kwa idhini ya ofisi ya wageni ya eneo husika. Kuondoka bila kutoa taarifa huhatarisha kibali cha ukaazi. Pasipoti ni ya mwenyewe na haipaswi kushikiliwa na familia wala wakala. Kwa dharura, namba ya polisi ni 110, na ya zimamoto na gari la wagonjwa ni 112. Wanawake wanaofanyiwa ukatili wanaweza kupiga 116 016 bila malipo, saa zote. Ubalozi wa Tanzania uko Berlin.

Kabla ya kusaini, kijana na wazazi wake wanashauriwa kuusoma mkataba wote, kuzungumza na familia kwa njia ya video zaidi ya mara moja, na kuacha nakala ya mkataba pamoja na anuani kamili ya wenyeji nyumbani. Ugeni uliopangwa vema huacha undugu baina ya nyumba mbili, na jembe lililopimwa tangu mwanzo halimchoshi mgeni wala halimwaibishi mwenyeji.