Rota Iliyoganda Katika Shafti ya King'ora

King'ora kinachoendeshwa kwa mota ya umeme ni chombo ambacho watu wengi waliwahi kukitegemea kwa uhai wao. Tarehe 3 Septemba 1939, muda mfupi baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, ving'ora vililia mjini London. Siku hiyo hapakuwa na shambulio, lakini katika miaka iliyofuata milio hiyo ndiyo iliyowaharakisha watu kuingia mahandakini. Vita Baridi vilipokwisha, mtandao wa ving'ora wa Uingereza ulivunjwa mapema katika miaka ya 1990. Huko Marekani, hata hivyo, ving'ora vya zamani vya namna hiyo vingali vikitumika kuwaita wazimamoto wa kujitolea na kuonya juu ya vimbunga.

Mafundi wanaovikarabati hukumbana na tatizo moja kila mara. Beringi za mota zimechakaa na hazina budi kubadilishwa, lakini haziwezi kufikiwa mpaka rota itolewe katika shafti. Na rota, baada ya miaka mingi juani na mvuani, haitoki. Ikivunjwa, mara nyingi haipatikani nyingine, kwani viwanda vingi vilivyoitengeneza vimekwisha kufungwa. Katika makala haya tutaeleza kwa nini rota huganda, na jinsi sayansi ya darasani inavyoweza kuiokoa.

Sauti hutokaje?

Mwaka 1819 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitengeneza chombo ambacho kilikatakata mkondo wa hewa kwa sahani yenye matundu inayozunguka. Kwa kuwa kiliweza kulia hata ndani ya maji, alikipa jina la viumbe wa baharini wa hadithi za Kigiriki. King'ora cha mota hufuata kanuni hiyo hiyo. Rota ni gurudumu lenye mapanga na madirisha. Huvuta hewa katikati na kuisukuma nje kupitia madirisha ya gamba lisilozunguka. Kila dirisha la rota linapokutana na dirisha la gamba, hewa hutoka kwa kishindo kidogo.

Tuchukue rota yenye madirisha 12 inayozunguka mara 2,850 kwa dakika, yaani mara 47.5 kwa sekunde. Itatoa mitetemo 12 × 47.5 = 570 kwa sekunde. Ikiwa kipenyo chake ni sentimita 30, ukingo wake hukimbia karibu mita 45 kwa sekunde, sawa na kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, rota yenye ufa au iliyopinda yaweza kupasuka na kurusha vipande. Kwa hiyo haitoshi kuitoa rota. Sharti itoke ikiwa nzima.

Kwa nini huganda?

Mara nyingi rota ni ya aluminiamu na shafti ni ya chuma cha pua kinachostahimili kutu, au, kwa kawaida zaidi, ya chuma cha kawaida. Nafasi iliyopo kati ya kitovu cha rota na shafti ni sehemu ndogo sana ya milimita. Maji ya mvua yanapopenya humo yakiwa na chumvi kidogo, metali hizo mbili huwa kama betri ndogo. Aluminiamu, ambayo ni tendi zaidi kuliko chuma, ndiyo huliwa, na hugeuka unga mweupe. Chuma nacho hupata kutu palipo na hewa na unyevu. Unga huo pamoja na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa. Hivyo hujaza mwanya wote na kukibana kitovu kama kabari.

Hatari ya nyundo

Wengi hukimbilia nyundo. Pigo katika ncha ya shafti huitanua ncha hiyo, na tangu hapo rota haiwezi kupita kabisa. Pigo katika ukingo wa rota huipinda au kuipasua, kwani aluminiamu ya kumimina haistahimili mishtuko. Tena nguvu ya pigo hupita katika shafti hadi kwenye gololi za beringi na kuziachia alama katika njia zake.

Msaada wa joto

Njia bora ni kutumia tofauti ya kutanuka kwa metali. Kila milimita ya aluminiamu hutanuka kwa milimita 0.000023 hivi kwa kila digrii moja ya Selsiasi; chuma hutanuka kwa milimita 0.000012, yaani karibu nusu. Mwanafunzi aweza kuuliza: kitovu kikitanuka, je, tundu lake halitazibana? La. Tundu hutanuka kana kwamba lingejazwa metali ile ile.

Tuseme shafti ina kipenyo cha milimita 25, na kitovu kimepashwa joto kwa digrii 100 zaidi. Tundu litaongezeka kwa 25 × 0.000023 × 100 = milimita 0.0575. Shafti nayo ikipata joto hilo hilo, itaongezeka kwa milimita 0.03, na faida itapungua hadi milimita 0.0275. Ndiyo sababu joto lielekezwe kwenye kitovu, tena upesi, huku shafti ikipozwa kwa kitambaa chenye maji.

Uangalifu mkubwa unahitajika. Aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama kifanyavyo chuma, kwa hiyo jicho haliwezi kupima joto lake. Tone la maji likichemka na kutoweka mara moja juu ya kitovu, joto limekwisha kupita digrii 100, na yafaa kuacha hapo. Rangi za zamani huenda zina risasi, ambayo moshi na vumbi lake ni sumu. Ziondolewe kwanza kwa kiyeyushi, mahali penye hewa.

Nguvu ya skrubu

Baada ya joto huja pula, yaani kifaa chenye skrubu inayosukuma ncha ya shafti huku mikono yake ikivuta kitovu. Skrubu ikisogea milimita 2 kwa mzunguko mmoja, na mkono wa spana ukiwa na urefu wa milimita 300, mkono wa fundi husafiri milimita 1,885 ili skrubu isogee 2. Huo ni uwiano wa 942. Hata msuguano ukila sehemu tisa katika kumi, kani ya nyutoni 200 ya mkono huwa zaidi ya nyutoni 18,000, karibu uzito wa tani mbili. Tena huvuta polepole na kwa unyofu, bila mshtuko.

Mpangilio wa kazi

Kwanza, umeme ukatwe kabisa na fyuzi ziondolewe. Pili, nati ya mwisho na skrubu zote za kukazia zitolewe. Skrubu moja iliyosahauliwa chini ya rangi yaweza kuharibu kazi yote. Tatu, kutu iliyo wazi isuguliwe, na mafuta mepesi ya kupenya yatiwe kila siku kwa siku kadhaa. Nne, mafuta yafutwe kabisa kabla ya moto, kwani huwaka. Tano, pula ifungwe kwenye kitovu, kamwe si kwenye ukingo, na ikazwe kiasi. Sita, kitovu kipashwe joto, kisha skrubu ikazwe tena. Rota ikikataa, iachwe ipoe na kazi irudiwe. Kila mara ya kutanuka na kusinyaa huvunja sehemu ya kutu na kuyapa mafuta njia mpya.

Kanuni hizi hazihusu ving'ora tu. Puli iliyoganda katika mota ya mashine ya kusaga mahindi huhitaji utaratibu ule ule, ila ikiwa ni ya chuma, faida ya joto hupatikana tu shafti inapobaki baridi.

Zoezi kwa wanafunzi: Puli ya chuma imeganda katika shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 40. Puli imepashwa joto kwa digrii 120 zaidi, na shafti kwa digrii 30 tu. Je, mwanya umeongezeka kwa milimita ngapi?